Wasomaji Wanauliza: Staa Anapotangaza, Nani Anabeba Hasara?

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na nyingi zina kilio kimoja. Watu wamechoka na mastaa wa Instagram na TikTok wanaotangaza kila kitu, kuanzia krimu hadi dawa ya mikorosho, kesho wanahamia bidhaa nyingine kana kwamba ya jana haikuwapo. Wengi wanasema hawaamini tena neno lao. Ni sawa, lakini mtu asiyemwamini staa mara nyingi anakuja kununua kilekile kwa shoga yake wa grupu la WhatsApp, ambaye alikiona kwa staa. Kwa hiyo majibu yetu yanahusu zaidi lebo, namba na hesabu, kuliko sura ya anayetangaza.

Binti yangu wa kidato cha nne alinunua krimu aliyoiona kwa dada maarufu Instagram, shilingi 35,000, ikaletwa kwa basi. Wiki tatu za mwanzo uso uling'aa na chunusi zikaisha. Sasa akiacha siku mbili tu uso unawaka moto, unakuwa mwekundu, na vipele vinarudi vingi kuliko mwanzo. Yule dada bado anaitangaza na ngozi yake nyororo. Tumshitaki nani?
*Mama mzazi, Chuno, Mtwara*

Mama, tuanze na ngozi ya mtoto, mashitaka yatafuata. Uso kung'aa ndani ya wiki chache, kisha kuwaka mara tu krimu inapoachwa, ndivyo hasa zinavyofanya krimu zenye steroidi. Zile zinazokutwa mara kwa mara kwenye mikorogo ni clobetasol na betamethasone. Hizi ni dawa halali za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Zinatuliza uvimbe na wekundu haraka, ndiyo maana chunusi zikaonekana zimekwisha. Zikipakwa usoni kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vya damu vinaanza kuonekana, michirizi inatokea, na fangasi wanapata makao. Dawa ikikatwa, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka kwa kishindo, na mtumiaji anadhani anaihitaji krimu zaidi. Hapo ndipo muuzaji anapouza kopo la pili.

Mpeleke hospitali ndani ya siku hizi mbili tatu, Ligula au kituo kingine chenye daktari wa ngozi, na beba kopo lenyewe. Daktari ndiye aamue kama binti ataacha krimu mara moja au atapunguziwa taratibu. Kwa sasa mwondolee sabuni za kusugua, limau, na krimu nyingine yoyote ya "kurekebisha". Anawe maji ya kawaida, apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na ajikinge na jua. Kosa tunaloliona sana ni kutibu krimu kwa krimu.

Kuna sumu ya pili ya kuiangalia: zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, inapenya mwilini na kuumiza figo, na inahamia kwa wengine kupitia taulo, mto na mikono inayobeba mtoto. Kwenye lebo haitaandikwa zebaki. Tafuta maneno kama calomel, mercurous chloride, ammoniated mercury, mercurio au cinnabaris. Kuna kidokezo kingine ambacho wengi hawakijui: lebo ikikuonya usiache krimu iguse dhahabu, fedha au aluminiamu, shuku zebaki, kwa sababu zebaki inashikana na metali hizo na kuziharibu. Binti akiwa amevimba miguu au uso, au mkojo wake unatoa povu lisilokwisha, mwambie daktari apime mkojo na figo siku hiyohiyo. Zebaki, steroidi na hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi, zote zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini.

Kopo jingine lolote atakaloletewa, geuza nyuma kabla ya kufungua. Linapaswa kuwa na jina na anwani ya aliyetengeneza, orodha ya viambato, namba ya bechi, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kukosekana kimoja tu kati ya hivyo kunatosha kurudisha mzigo.

Sasa mashitaka. Tangu 2019 vipodozi vimetoka mikononi mwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, vipo chini ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo lina ofisi ya kanda hapohapo Mtwara. Peleka kopo hata kama limebaki kidogo, ujumbe wa muamala wa simu, namba ya muuzaji, na picha za skrini za tangazo zikionyesha jina la akaunti na tarehe. Piga picha hizo leo, kwa sababu tangazo likianza kulalamikiwa linafutwa. Upande wa kupotosha wanunuzi unaangukia Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kudai kwamba bidhaa ina ubora, idhini au manufaa ambayo haina, kwa hiyo muuzaji na aliyemnadia wote wanaweza kuulizwa.

Na ile ngozi nyororo ya dada yako wa Instagram haithibitishi kitu. Kuna taa, kuna filta, na huenda hilo kopo hajawahi hata kulifungua.

Nitajuaje kama staa amelipwa au kweli anaipenda bidhaa?
*Mwanafunzi wa chuo, Mtwara Mjini*

Wakati mwingine ameandika mwenyewe: kuna kibandiko kidogo karibu na jina lake kinachosema ni ushirikiano wa kulipwa. Kama hakipo, tazama mambo haya. Ana namba ya punguzo yenye jina lake? Basi mara nyingi kila anayeitumia anamwingizia kamisheni, na kamisheni ni malipo yenye nguvu kuliko hela ya mkupuo, maana sasa anataka ununue, sio utazame tu. Akaunti tatu zimesema sentensi ileile ndani ya wiki moja? Wote wamepewa maelezo na kampuni moja. Anasifu tu, hataji kasoro wala halinganishi bei? Mtu aliyenunua kwa hela yake huwa na kinyongo kidogo hata na kitu anachokipenda. Na kumbuka malipo si lazima yawe fedha. Simu ya bure, usiku mbili hotelini, au mzigo wa bidhaa za kugawa, yote ni malipo.

Kwenye Instagram bonyeza nukta tatu juu ya ukurasa wake, kisha sehemu ya kuhusu akaunti. Utaona tarehe ilipoanzishwa, nchi inakoendeshwa, na kama imewahi kubadili jina. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho vya mpira miaka miwili iliyopita na leo unauza dawa za tumbo, huenda umenunuliwa pamoja na wafuasi wake.

Nchi nyingine zimekaza. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilimbana Kim Kardashian kwa kutangaza sarafu ya kidijitali bila kusema alilipwa dola 250,000, akakubali kulipa dola milioni 1.26. Ufaransa ilitunga sheria yake mwaka 2023, na adhabu inafika kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000. Ila kulipwa peke yake si kosa, wala si uongo. Ubaya unaanza pale malipo yanapofichwa, au pale anaposema kitu ambacho hana njia ya kukijua.

Kuna kijana TikTok anaonyesha busta ya mikorosho. Anasema ukipuliza hiyo huhitaji salfa tena, na mti unazaa mara tatu. Video inaonyesha mkorosho mkavu, kisha uleule umejaa maua. Chupa ya mililita 250 ni 30,000, inatosha miti 10. Nina miti 200. Wenzangu wawili wa chama cha msingi wameshaagiza.
*Mkulima, Newala*

Usiache salfa, mjomba. Hilo kwanza.

Busta, ikiwa ni ya kweli, ni chakula: madini kidogo yanayopitia kwenye majani. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia machipukizi, maua na vikorosho vichanga, na unapamba moto miezi ya baridi na umande. Chakula hakiui ukungu. Ua lililoshikwa na ubwiriunga linakauka na kuwa jeusi hata mti uwe umeshiba vipi, na ua likikauka hakuna korosho. Salfa nayo ina mpaka wake: inakinga, haifufui ua lililokwisha kuungua. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamesisitiza miaka yote kuanza mara machipukizi na maua yanapotokea, kiasi cha robo kilo ya salfa ya unga kwa mti mkubwa, na kurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukisaidia unga kushika. Anayeruka mizunguko miwili kwa sababu ya busta atakuja kuilaumu salfa mwezi Oktoba.

Ile video, itazame tena ukiwa umetulia. Mkorosho wenyewe, bila kupewa chochote, unapukutisha majani, unachipua, kisha unatoa maua baada ya mvua kukatika. Ukiupiga picha Mei na ukaupiga tena Julai utapata "kabla na baada" ya kupendeza, hata ukiwa umeupulizia maji ya kisima. Angalia pia kama ni mti uleule: tawi kubwa la kwanza linatokea upande gani, kuna kisiki au njia nyuma yake? Mara nyingi havilingani.

Hesabu yake nayo haikai vizuri. Miti 10 kwa 30,000 ni 3,000 kwa mti kwa mpulizo mmoja. Akikuambia upulize mara tano, ni 15,000 kwa mti, na kwa miti 200 ni milioni 3. Tuseme mnada umekupa 3,000 kwa kilo. Busta italazimika kuongeza kilo 5 kwa kila mti ili urudishe hela tu, bila faida hata senti. Miti yako mingi inakupa kilo ngapi kwa jumla? Ukijibu hilo, umemaliza.

Kwenye chupa tafuta jina la kiambata amilifu, kiasi chake, kipimo cha kuchanganya na maji, na namba ya usajili. Kiuatilifu kinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mbolea, pamoja na za kupuliza kwenye majani, ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Kitu kinachodai kuua ukungu na kulisha mti kwa wakati mmoja, na hakina namba ya upande wowote, hicho hakina mwenyewe. Bwana shamba wa kata anaweza kuulizia jina hilo kwa simu, wala huhitaji kusafiri. Uliza pia inadai kutibu nini hasa. Ubwiriunga, blaiti na mbu wa mikorosho ni matatizo matatu tofauti, na mnyauko fusari ni jingine kabisa. Dawa moja ya yote hayo bado haijapatikana.

Wenzako walioagiza usiwacheke, watumie kama jaribio. Wachague miti 5 wapulize busta juu ya salfa, na miti 5 ya umri na ukubwa uleule, safu ileile, wapulize salfa peke yake. Wafunge kitambaa chekundu kwenye ya kwanza. Wakiokota, wapime kila kundi kwenye gunia lake. Wakichanganya gunia, jaribio limekufa.

Baba ana presha na sukari. Ameona video Facebook ya daktari maarufu akisema ameacha kuandika vidonge kwa sababu kuna unga wa mitishamba unaoponya kabisa. Ameshaagiza kopo tatu.
*Mtoto wa kwanza, Kilwa Masoko*

Uwezekano ni mkubwa kwamba daktari huyo hajui kama yumo kwenye video hiyo. Siku hizi sauti na mdomo wa mtu anayeonekana sana kwenye televisheni vinatengenezwa kwa kompyuta, kwa kuchukua mahojiano yake ya zamani. Tazama mdomo kwenye herufi p, b na m, ambapo midomo lazima ikutane: kwenye video za kughushi mara nyingi haikutani sawasawa. Sikiliza pumzi pia, wengine wanasema dakika nzima bila kuvuta hewa. Kisha nenda ukurasa wa daktari mwenyewe. Mara nyingi utakuta ameshakanusha.

Hatari kubwa kwa baba ni kuacha vidonge. Presha haina maumivu ya kumkumbusha, kwa hiyo wiki ya kwanza atajisikia vizuri na kuisifu dawa, na mnaweza kugundua ukweli siku ya kiharusi. Msipambane naye juu ya kopo. Mwambieni: "Sawa baba, vidonge endelea navyo, na tupime presha na sukari kila asubuhi, tuandike." Mzee huheshimu daftari kuliko mahubiri. Ila asianze kuunywa huo unga mpaka daktari wake ameona kopo, kwa sababu baadhi ya "mitishamba" hukutwa imetiwa dawa za hospitali kwa siri. Za kupunguza unene zimewahi kukutwa na sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, na za nguvu za kiume zimekutwa na sildenafil, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kushusha presha hadi mtu akazimia.

Dawa haitangazwi nchini bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ya asili inapitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. TMDA wana ofisi ya Kanda ya Kusini. Wapeni picha ya kopo na kiungo cha video.

Nabangua korosho na kufungasha, Mtwara. Dada mwenye wafuasi 90,000 anataka 300,000 kwa posti moja na stori mbili. Lakini wateja wenyewe siku hizi wanasema "hao mastaa waongo". Nilipe?
*Mama Korosho, karibu na Soko Kuu*

Kwa bei hiyo na kwa masharti hayo, usilipe. Lakini tukuonyeshe jinsi ya kupima, maana kesho atakuja mwingine mwenye bei nzuri zaidi.

Chukua posti zake kumi za mwisho zisizo za harusi wala msiba, jumlisha waliopenda na waliotoa maoni, gawanya kwa kumi, kisha gawanya kwa wafuasi na zidisha kwa 100. Tuseme wastani ni 400 waliopenda na maoni 25. Hiyo ni 425 kwa 90,000, haifiki hata nusu ya asilimia moja. Sasa linganisha na ukurasa wa mapishi wa hapohapo Mtwara wenye wafuasi 4,500, unaopata 180 na maoni 15. Hiyo ni zaidi ya asilimia 4. Wa kwanza anaitikiwa mara 425 kwa posti, wa pili 195, lakini wa pili atakubali pakiti mbili za korosho na 20,000, na watu wake wanaweza kutembea mpaka kwenye meza yako. Soma na maoni yenyewe. Vimoto na vikopakopa vitupu kutoka majina yenye tarakimu nyingi vimenunuliwa. Swali kama "mnafika Masasi?" limeandikwa na mteja.

Mwambie akuonyeshe takwimu za akaunti yake za siku 30 akiwa ameshika simu mbele yako, au kwa simu ya video. Picha ya skrini inachongwa kwa dakika mbili. Unachotaka kukiona ni miji ya wafuasi wake. Asilimia 70 wakiwa Dar es Salaam, swali lako linakuwa la usafirishaji: una mtu wa kupokea mzigo Mbagala au Temeke? Kama huna, unalipia watu wa kukuuliza bei tu.

Kisha faida. Ikiwa kilo unaiuza 28,000 na imekugharimu 22,000, unabaki na 6,000. Laki tatu yake ni kilo 50 za ziada ambazo usingeziuza bila yeye. Kwa fedha hiyohiyo ungetoa kilo 13 na ushee kwa gharama yako, yaani pakiti za kuonjesha za gramu 100 zaidi ya 130, ukazigawa kwa abiria wa mabasi ya asubuhi na ofisini. Korosho inajiuza mdomoni. Ni bidhaa chache sana zinazoweza hivyo.

Ukiamua kufanya kazi na mtu, andikeni hata ukurasa mmoja wa daftari: posti ngapi, tarehe gani, ikae siku ngapi bila kufutwa, aseme wazi kwamba ni tangazo, na asidai chochote kuhusu afya ambacho hukumwambia. Usimruhusu aseme korosho zako zinatibu. Siku TBS au TMDA wakiuliza, jina lililo kwenye mfuko ni lako. Mpe namba ya punguzo ya kwake peke yake ili ujue nani kaja kupitia kwake. Lipa nusu kabla, nusu baada ya siku saba.

Kuhusu wateja kutowaamini mastaa, hapo wewe una nafasi. Onyesha ulichonacho. Malalamiko mengi ya korosho za mtandaoni ni ya daraja: picha ni ya W180, zile nono za punje 180 hivi kwa ratili moja, mzigo unaofika ni W450 au vipande. Andika daraja kwenye mfuko, piga picha ya punje juu ya mizani, weka tarehe ya kufungasha. Na kama bado huna nembo ya TBS, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Mtwara, wakupe barua ya utambulisho. Utaratibu wa wajasiriamali wadogo unaopitia SIDO unakuondolea gharama za nembo kwa miaka ya mwanzo. Nembo hiyo itakaa kwenye mfuko muda mrefu kuliko stori ya saa 24.

Nina wafuasi 6,000 TikTok, nachekesha. Programu ya mikopo inanipa 50,000 kwa video moja. Wananiambia niseme "nilikopa dakika mbili tu". Sijawahi kukopa.
*Kijana, Lindi Mjini*

Kaka, sentensi hiyo moja ndiyo wanayoinunua, na ni ya uongo. Ukiisema, umedai kitu ambacho hakikutokea ili mtu aingie deni.

Fungua orodha ya Benki Kuu ya watoa mikopo wenye leseni na utafute jina la kampuni iliyo nyuma ya programu, sio jina la programu peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Wengi wa namna hiyo hubadili jina na nembo, wanarudi. Halafu fanya hesabu ya mkopo wenyewe kabla ya kufanya video: omba uonyeshwe mkopo wa 100,000. Kama wanakata 20,000 mapema na kudai 110,000 baada ya siku saba, mkopaji amepokea 80,000 na analipa 30,000 juu yake, asilimia 37.5 kwa wiki. Mkopeshaji wa daraja la pili mwenye leseni, yaani asiyepokea amana, ana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ya 37.5 kwa wiki ni kausha damu iliyopigwa pasi. Angalia pia ruhusa zinazoombwa na programu. Ikitaka majina yote ya kwenye simu, kazi yake ni kumpigia shangazi, mwajiri na shehe wa mtaa mkopaji akichelewa, na hao watajua ni wewe uliyewaleta. Malalamiko ya aina hiyo huenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022.

Kazi za kutangaza usiziache. Kwa kila unayoikubali, sema kwenye sekunde za mwanzo "hili ni tangazo, nimelipwa", kwa mdomo na kwa maandishi yanayosomeka. Kulificha chini ya alama ishirini za reli ni sawa na kutosema. Tumia bidhaa walau wiki mbili, taja kasoro moja ya kweli, na weka makubaliano kwa maandishi. Kampuni inaweza pia kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kama mtengeneza maudhui. Dai stakabadhi yake.

Nimetuma 180,000 kwa duka la mtandaoni lililosifiwa na staa. Walinitumia picha ya risiti ya basi, kisha wakanizuia. Nifanye nini?
*Dada, Nachingwea*

Kasi ndiyo kila kitu hapa. Piga 100, huduma kwa wateja, kwa laini uliyotumia kutuma, toa namba ya muamala, omba fedha izuiwe. Kama haijatolewa kwa wakala, kuna matumaini. Ikishatolewa, kampuni ya simu haina cha kurudisha. Sambaza ujumbe wao wa kitapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na ufuate maelekezo ya kutaja namba iliyokutumia. Nenda polisi uchukue RB ukiwa na namba ya muamala, jina lililotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, na mazungumzo yote bila kufuta. Mwandikie na staa, mbele ya maoni ya watu, kwamba duka alilolitangaza limekutapeli. Wengi hufuta tangazo siku hiyohiyo, kwa hiyo piga picha kwanza.

Kuna wapigaji wa pili: watakuja inboksi wakisema wao ni "kitengo cha mtandao" na wanaweza kurudisha fedha kwa ada ya 20,000. Wazuie.

Mara nyingine, jina linalotokea kwenye simu likiwa la mtu binafsi na duka linajiita kampuni, simama hapo. Mwambie muuzaji mzigo upelekwe ofisi ya basi, ulipe ukishathibitisha kwamba umepokewa. Namba ya ofisi ya basi chukua stendi ya Nachingwea, usipige ile iliyoandikwa kwenye risiti aliyokutumia, maana anayepokea ni yeye mwenyewe. Waulize karani namba ya mzigo, jina la mpokeaji na uzito. Risiti ya kughushi huwa na jina na namba, lakini karani hana huo mzigo kwenye daftari.